Maji ya Kabla na Maji ya Baada

Watu wanaoniita niwamwagie jamvi la zege huwa na maswali mawili ya haraka: itakwenda mifuko mingapi ya saruji, na zege litakauka baada ya siku ngapi. La kwanza ni hesabu, nitaifanya hapa mpaka ndoo ya mwisho. La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Zege haliwi gumu kwa kukauka. Saruji inaungana na maji, na katika muungano huo zinaota fuwele ndogo mno zinazoshika mchanga na kokoto mpaka vyote vinakuwa kitu kimoja. Kazi hiyo inaanza mara maji yanapogusa saruji na inaendelea kwa wiki na miezi, ilimradi maji yapo. Yakiondoka mapema, kwa jua au kwa upepo, muungano unakatikia palepale ulipofika. Ndiyo maana nguzo za madaraja zinaweza kumwagwa ndani ya maji na zikagandia humohumo, wakati majamvi mengi ya uani hapa Dar es Salaam, yaliyoachwa yapigwe jua tangu siku ya kwanza, yanatoa vumbi kila yakifagiliwa.

Mimi ni fundi mwashi. Nilianza nikiwa saidia fundi, nikipokea karai kwenye maghorofa ya Sinza na Kijitonyama, baadaye nikasomea uashi VETA. Nimemwaga majamvi ya nyumba, ya vyoo, ya mabanda ya kuku, ya matangi ya maji. La stoo ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Nyumba mtu ataitafutia mhandisi, lakini stoo ataiachia vijana wawili wenye koleo, jioni moja, kwa saruji iliyobaki. Kisha humo ndani ataweka mahindi ya mwaka mzima. Roho yangu haikubali. Chakula cha familia kinastahili sakafu iliyofikiriwa.

Nitaeleza kwa kutumia jamvi moja nililomwaga Madale mwezi wa Juni, uani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Alitaka stoo ya mita 3 kwa mita 2.4, fremu ya mbao na mabati, ya kuwekea magunia ya mahindi na mpunga yanayotoka shambani kwake Kilombero, majembe, na pikipiki ya kijana wake. Mwezi niliuchagua mimi. Juni masika huwa yamekatika, jua kali la kaskazi liko mbali, na asubuhi kuna ubaridi. Anayemwaga Februari anaweza, ila ajue atashindana na jua tangu saa tatu. Anayemwaga Aprili awe na turubai mkononi.

Tuliposalimiana alininyooshea kidole kona ya nyuma, chini ya mwembe. "Pale, fundi. Pamekaa bure."

"Sawa, mwalimu. Lakini mvua ikinyesha sana, maji yanapita wapi hapa?"

Hakuhitaji kufikiri. Yanatoka kwa jirani wa juu, yanapita chini ya mwembe, yanatokea kwenye tundu la ukuta upande wa barabara. Mwenye nyumba aliyeishi masika kadhaa kwenye kiwanja chake anakijua kuliko mchoro wowote, na ni kosa kutomuuliza. Kona aliyoichagua ilikuwa katikati ya njia ya maji. Tulipofagia majani tukakuta tena mfuniko wa chemba ya maji taka. Jamvi likishapita juu ya chemba, siku ikiziba utaifikia kwa nyundo. Nilifuata pia bomba la maji kutoka kwenye mita mpaka jikoni nijue limelala wapi, kisha tukaisogeza stoo upande wa jikoni, palipoinuka kidogo, mbali na mizizi minene ya mwembe. Nikamwomba apite ofisi ya serikali ya mtaa aulizie kibali na umbali unaotakiwa kutoka mpaka wa jirani. Hilo lifanyike kabla ya kokoto kumwagwa, si baada ya mtu kuja na rangi nyekundu.

Kupata pembe mraba hakuhitaji mashine. Ukiwa na futi kamba na vigingi, pima sm 60 upande mmoja, sm 80 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili iwe mita 1 kamili. Hapo pembe imenyooka. Kwa jamvi lote, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Stoo ya mwalimu, mita 3 kwa 2.4, mishazari yote miwili inapaswa kusoma mita 3.84. Ikitofautiana, sogeza vigingi mpaka ilingane. Mabati hayasamehe pembe iliyopinda. Utakuja kukata kila bati kwa mkasi.

Udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi na majani yaliyooza, unaondolewa wote. Tulichimba sm 15. Usiutupe, ni mboji nzuri ya bustani, na mwalimu aliupeleka kwenye mchicha wake. Ukiuacha chini ya jamvi utaendelea kuoza na kushuka, na jamvi litabaki limening'inia juu ya mapengo. Shimo tulilijaza moramu, si yote kwa mkupuo. Unaweka tabaka la sm 10, unalinyunyizia maji kidogo, unalishindilia, ndipo unaweka la pili. Moramu kavu haishikani hata uipige kutwa, na iliyolowa chapachapa inabonyea kama godoro. Ifinyange ganjani: ikishikana bila kutoa maji, iko tayari. Baada ya kushindilia nachukua kipande cha nondo cha milimita 12 nakididimiza kwa mkono. Kikiingia kirahisi, nawaambia vijana warudie. Siku ile walirudia upande mmoja, ule wa jikoni, palipokuwa na jalala la zamani.

Moramu ilisimama sm 5 juu ya ardhi ya kando. Juu yake jamvi la sm 10, kwa hiyo uso wa stoo uko sm 15 juu ya uwanja. Kimo hicho ndicho kinachotenganisha mahindi na mafuriko ya dakika kumi, zile mvua za Dar zinazogeuza uani kuwa bwawa kabla hujafunga dirisha. Pembezoni tulichimba mtaro wa upana wa sm 20 na kina cha sm 15 chini ya tumbo la jamvi, ili kingo ziwe nene kwa kubeba fremu na kuzuia maji yasichimbe moramu kwa chini. Kama ungejenga kwa tofali, kingo hizo hazitoshi. Ukuta wa tofali unataka msingi wake, na hiyo ni kazi nyingine.

Mbao za kuzunguka zilikuwa za inchi 1 kwa 6, zimeshikiliwa na vigingi kila sm 60 na kupakwa oili chafu ili zege lisizing'ang'anie. Watu hupunguza vigingi. Zege bichi ni zito, mita moja ya ujazo ina kama kilo 2,400, na ubao usioshikiliwa vizuri unatoka tumbo. Juu ya mbao tulitembeza pima maji, tukashusha upande wa mlango sm 2, ili siku pikipiki ikiingia imelowa maji yatoke yenyewe.

Dawa ya mchwa inapulizwa hapa, juu ya moramu na ndani ya mitaro. Mchwa wanapenya kwenye ufa mwembamba mno, wanapanda ndani ya nguzo ya mbao, na mwenye nyumba anagundua pale rafu inapoanguka. Anayepuliza avae glavu na barakoa, watoto na kuku wafungiwe, na kama kuna kisima jirani, muulize muuzaji wa dawa umbali salama kabla ya kufungua chupa.

Kisha nailoni ngumu, ile ya geji 1000, ikipandana sm 30 pale vipande viwili vinapokutana. Wengi wanajua kazi yake moja: kuzuia unyevu wa ardhini usipande mpaka kwenye magunia. Ina kazi ya pili inayofanyika siku ileile ya kumwaga. Moramu kavu inakunywa maji. Ukimwaga zege juu yake bila nailoni, tumbo la jamvi linanyonywa maji liliyohitaji kuungana nayo. Kwa asiye na uwezo wa kununua nailoni, jambo la chini kabisa ni kulowesha moramu vizuri kabla ya kumwaga, bila kuacha madimbwi.

Juu ya nailoni tulitandaza wavu wa BRC, nyaya za milimita 6, matundu ya sm 20. Kwenye stoo ndogo kama hii wavu si wa kubeba mzigo. Kazi yake ni kushika nyufa zisifunguke jamvi linaposinyaa, na ili uifanye lazima ukae juu zaidi ya katikati ya unene. Tulipanga biskuti za zege za sm 5 chini ya wavu, kila hatua moja, na kuzifunga kwa waya. Nimeona mara nyingi wavu umelazwa juu ya nailoni kabisa, kisha kijana mmoja anapewa ndoano auvute juu wakati zege linamwagwa. Anavuta, anahama, mwenzake anakanyaga, unarudi chini. Ukilivunja jamvi la namna hiyo unaukuta wavu umelala chini kabisa, nusu yake hata haikushikwa na zege. Pesa yote ile imezikwa bure. Biskuti unaweza kuzitengeneza mwenyewe siku chache kabla, kwa saruji na mchanga, kwenye trei ya barafu ya friji ya zamani au kisanduku cha mbao.

Sasa hesabu. Jamvi lenyewe: mita 3 mara 2.4 mara 0.1 ni mita za ujazo 0.72. Kingo nene: mzunguko wa katikati ya mtaro ni mita 10, mara 0.2 mara 0.15, ni 0.3. Jumla ni mita ya ujazo 1 na kidogo. Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne, yaani saruji kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne, mfuko mmoja unatoa kama mita za ujazo 0.158 za zege lililoshindiliwa. Vile vipimo saba havizai ujazo wa saba, kwa sababu mchanga unaingia kwenye mapengo ya kokoto, na saruji kwenye mapengo ya mchanga. Gawanya 1.02 kwa 0.158 unapata mifuko 6 na nusu. Nunua 7. Mchanga ni karibu nusu mita ya ujazo, kokoto karibu mita moja. Wauzaji wanauza kwa tripu, na tripu ya lori itakubakizia kichuguu uani. Ulizia kama jirani naye anajenga, mgawane.

Kipimo kiwe kisanduku, si koleo. Koleo la kijana aliyechoka si sawa na koleo la asubuhi. Kisanduku cha mbao chenye urefu wa sm 40, upana sm 35 na kina sm 25 ndani kinabeba lita 35 kamili, sawasawa na mfuko. Kwa hiyo kila mfuko: visanduku viwili vya mchanga, vinne vya kokoto, vinasawazishwa juu kwa ubao. Asiye na kisanduku atumie ndoo ya lita 20: ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto.

Kwenye mfuko wa saruji utaona 32.5 au 42.5. Hizo ni nguvu: nyutoni kwa kila milimita ya mraba, zinazopimwa kwenye vipande vya saruji na mchanga vikifikisha siku 28. Kwa lipu na kujengea, 32.5 inatosha sana. Kwa jamvi mimi natumia 42.5. Muhimu kuliko namba ni umri. Ingiza vidole kwenye mfuko. Saruji nzima ni laini na baridi. Ukikutana na mabonge yasiyovunjika ukiyabana kwa vidole, imeshaanza kuungana na unyevu wa hewa ndani ya mfuko, na kilichokwisha kuungana hakiungani tena. Hapa pwani hewa ina unyevu mwingi. Usiweke mifuko sakafuni wala usikae nayo miezi ukisubiri kiinua mgongo.

Mchanga nilimwachia mwalimu mwenyewe aupime, na aliifanya kazi hiyo kwa ari ya mtu aliyefundisha sayansi maisha yake yote. Chukua chupa ya maji ya plastiki, tia mchanga mpaka karibu nusu, jaza maji yenye chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache itulie saa tatu. Mchanga unazama kwanza, tope linakaa juu yake. Mchanga ukiwa na kimo cha sm 10, tope lisizidi milimita 8. Chupa ya kwanza ilionyesha tope nene kama kidole gumba. "Huu ni wa kufinyangia vyungu, fundi," alisema, na lori tukalirudisha. Tope linazunguka kila chembe ya mchanga na kuizuia saruji isiishike, na tena linakunywa maji mengi. Mchanga wa baharini nao tuuache. Chumvi yake inalisha kutu kwenye nondo na wavu, na fukwe zetu zimeliwa vya kutosha.

Kokoto zetu za Dar zina vyanzo viwili watu wanavyovijua. Kuna za Lugoba, za mwamba mgumu uliosagwa kwa mashine. Na kuna za Kunduchi, ambako akina mama wamekaa miaka na miaka chini ya vibanda vya makuti wakigonga mawe ya chokaa kwa nyundo, moja moja. Kwa maghorofa nisingezitumia za Kunduchi. Kwa jamvi la stoo zinafaa kabisa, ilimradi zisizidi robo tatu ya inchi na vumbi lake lichekechwe, kwa sababu vumbi hilo linafanya kazi ileile mbaya ya tope. Ninapoweza nanunua kwao, na sibishani nao bei.

Siku ya zege tulianza saa moja asubuhi. Maji yalikuwa yamejaa kwenye simtanki tangu jana yake. Usimwage jamvi ukitegemea bomba. Tulichanganyia juu ya mabati yaliyotandazwa, si juu ya udongo. Mchanga na saruji vinageuzwa vikavu mara tatu mpaka rangi inakuwa moja, kusiwe na mshipa wa kijivu wala wa kahawia. Ndipo kokoto, ndipo unafungua shimo katikati na kutia maji.

Hapa ndipo penye vita. Mfuko wa kilo 50 unataka lita 25, ndoo moja na robo. Mchanga ukiwa umelowa, vile visanduku viwili vinaweza kuja na lita 5 zake, basi unatia 20 na kuongeza kidogo kidogo ukiangalia. Zege la lita 25 ni zito. Linashikana, halikimbii, mikono inauma. Kijana mmoja aliniambia kwa upole, "Mama fundi, limekaza hili, tuongeze ndoo moja tu." Namwelewa. Kila kibarua anapenda zege la uji kwa sababu linajisambaza lenyewe. Nilimkalisha nikamweleza, kwa sababu kijana akiamriwa bila kuelezwa atatia maji nikigeuka kunywa chai.

Saruji inahitaji kama robo tu ya uzito wake wa maji kwa ajili ya kuungana. Mfuko wa kilo 50 ungeridhika na lita 12 na kitu. Yanayozidi hapo tunayatia ili tuweze kulifanyia kazi zege, na sehemu yake kubwa baadaye yanatoka na kuacha vijitundu mahali yalipokuwa. Tundu ni udhaifu, na ni njia ya unyevu. Mmarekani Duff Abrams alilipima jambo hili kwenye maabara yake Chicago, na mwaka 1918 akatangaza kanuni ambayo dunia yote ya ujenzi inaifuata mpaka leo: nguvu ya zege inaamuliwa na uwiano wa maji kwa saruji. Ukitoka lita 25 kwenda lita 35 kwa mfuko, unapoteza theluthi moja ya nguvu au zaidi. Ni sawa na kununua mifuko saba na kuimwaga miwili mtaroni. Ukitaka zege lilainike, ongeza saruji pamoja na maji kwa uwiano uleule, au tumia mikono zaidi kulishindilia.

Kipimo cha haraka ni ndoo ndogo ya lita 10. Ijaze zege kwa tabaka tatu, kila tabaka lichome kwa nondo mara 25, ipindue juu ya bati, iinue taratibu. Zege zuri la jamvi linakaa kidogo, linashuka kama robo ya kimo chake, halafu linasimama. Likimwagika lote, lina maji mengi. Likibaki limesimama wima na kupasuka ubavuni, ni kavu mno.

Tulimwaga kuanzia kona ya mbali tukirudi mlangoni, karai zikipokezanwa kwa mstari. Karai limwagwe mgongoni mwa zege lililokwishamwagwa, lisirushwe kwa mbali, maana kokoto zinatangulia na ujiuji unabaki nyuma. Mmoja alikuwa na kazi ya nondo tu: kuchomachoma kila mahali, hasa kwenye kona na kandokando ya mbao, na kugonga mbao kwa nyundo kutoka nje. Hewa iliyonaswa ni hasara kubwa. Kila asilimia moja ya mapovu inakula karibu asilimia tano ya nguvu. Tulimaliza kabla ya saa nne. Jamvi la ukubwa huu lisikatishwe njiani kwa chakula, likiwa nusu limeshika na nusu bichi.

Kusawazisha ni kwa rula ndefu ya mbao iliyonyooka, watu wawili, mmoja kila upande, mnaivuta kama msumeno juu ya mbao za pembeni. Baada ya hapo, subira. Maji membamba yanapanda juu na uso unang'aa. Usiuguse. Fundi mwenye haraka ataona yale maji, atanyunyiza saruji kavu yanywe, atalainisha kwa mwiko wa chuma, na uso utapendeza siku hiyohiyo. Ngozi ile imefungia maji chini yake na itabanduka. Niru, ule uji wa saruji wa kumalizia uso, nayo ndivyo inavyoharibika: si kwamba niru ni mbaya, inapigwa mapema juu ya zege lenye maji. Tulingoja mpaka mng'ao ukapotea na kidole kikiacha alama isiyo na maji. Ndipo ubao wa kulainishia ukapita, kisha ufagio mgumu ukaburutwa mara moja kwa upana, uache michirizi ya kuzuia utelezi. Mwalimu ana miaka yake. Sakafu inayong'aa kama sahani haimfai. Bolti za milimita 12 za kushikia fremu zilizamishwa hapohapo pembezoni, zimepimwa kwa kamba, nyuzi zake zimefungwa mfuko wa plastiki.

Jamvi kubwa zaidi ya mita 3 kwa upande mmoja ningelikatia mkato, ili lisinyae kwa mpango. La sm 10 linavumilia mita 2.4 mpaka 3 bila mkato, kwa hiyo hili lilikaa kipande kimoja.

Saa saba mchana tulilifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Kesho yake asubuhi tulijenga kingo ndogo za udongo kuzunguka uso na kumwaga maji yasimame kimo cha wastani wa sm 2. Ni kama lita 144 tu, ndoo saba na kidogo, simtanki halihisi. Unaongeza yanayopungua, asubuhi na jioni, kwa siku saba usiku na mchana. Mwenye shida ya maji atandaze nailoni juu ya magunia yaliyolowa na kuweka matofali pembeni upepo usiifunue. Katika siku hizo saba zege lililotunzwa linafikia kama theluthi mbili ya nguvu ya siku 28. Aliyelimwagilia siku mbili na kuacha hatazipata siku zilizobaki kwa kurudi na maji mwezi ujao.

Jirani alichungulia ukutani akauliza kwa nini mwalimu ameweka bwawa uani. Alikuwa amemwagiwa veranda mwaka jana na fundi aliyemkabidhi kazi jioni ileile, na veranda hiyo sasa ina nyufa kama ramani. Mwalimu alimkaribisha ndani ya geti na kumweleza habari ya muungano wa saruji na maji vizuri kuliko nilivyomweleza mimi.

Mbao tulizitoa siku ya pili, taratibu, kwa kugonga upande. Penye masega, yaani kokoto zilizobaki wazi bila uji, tulijaza saruji na mchanga mara moja, ukingo ukiwa bado mbichi. Siku ya nane fremu ilisimama na bolti zikakazwa. Pikipiki na magunia vilingoja siku 28. Wakati wa kungoja vijana walichimba mfereji mfupi upande wa mwembe, ili maji ya jirani wa juu yaipishe stoo na kufuata njia yake ya zamani mpaka kwenye tundu la ukuta, na udongo uliotoka humo ukashindiliwa kuzunguka kingo kwa mteremko wa kwenda nje. Magunia yamepangwa juu ya vichanja vya mbao, nafasi ya mkono mmoja kutoka kwenye bati, ili hewa ipite chini na nyuma yake.